Mshahara, Shamba na Jina la Mtu

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Iringa na Mbeya huandamana na mabango yao: nyongeza ya mshahara, kupandishwa madaraja, kikokotoo cha pensheni. Ni madai ya haki, na wanaoyabeba wanastahili kusikilizwa. Lakini chini ya madai hayo kuna jambo ambalo bango halitoshi kulieleza. Mtu aliyeitwa kwa cheo chake maisha yote, siku ajira itakapokoma kwa kustaafu, kupunguzwa au kufukuzwa, atabaki kuwa nani, na atasimama juu ya nini?

Tarehe 28 Aprili 2017 jambo hilo liliwaangukia maelfu kwa mkupuo. Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Kughushi ni kosa, na mjadala huu haulitetei. Ninachotaka tukitazame ni kilichofuata majumbani. Mtu aliyeitwa mwalimu au nesi kwa miaka mingi aliamka hana cheo wala mshahara, na michango yake ya hifadhi ya jamii hakuweza kuigusa hadi 2022, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipokubali warejeshewe kile walichokatwa wao wenyewe. Hiyo ni miaka mitano ya kuishi kwa kitu kingine, na asiyekuwa na kitu kingine aliumia mara mbili: tumboni na katika jina lake.

Nimeileta hoja hii kwa mtindo wa mdahalo tuliouzoea mashuleni, wenye mada, wanaounga mkono, wanaopinga na mwenyekiti. Wasemaji wanne nimewaunda mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika kila siku kando ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya. Miaka, sheria na hesabu wanazozitaja ni za kweli. Mada ni hii: mtu asijenge utu wake wala usalama wake juu ya ajira. Wanaounga mkono ni mwalimu wa Mufindi anayekaribia kustaafu na mama mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya. Wanaopinga ni mzee aliyestaafu reli ya TAZARA, mkazi wa Iyunga, na kijana mhitimu wa chuo kikuu anayeishi Kihesa, Iringa. Kiti nimekikalia mimi.

Duru ya kwanza: hesabu na heshima

MWALIMU: Ndugu mwenyekiti, naanza na hesabu kwa sababu ndiyo niliyoifundisha. Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya pensheni kama PSPF na LAPF, iliyozidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya kuchangia, ikagawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu kwa mkupuo, angepokea shilingi milioni 55.8 mkononi na 300,000 kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa kuwa PSSSF na kanuni mpya zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi wakalalamika nchi nzima, na Desemba mwaka huohuo zikasitishwa. Julai 2022 ikaja kanuni ya kugawa kwa 580, kuzidisha kwa 12.5 na kutoa asilimia 33: mtu yuleyule angepata kama milioni 27.6, na pensheni ya takriban 374,000 kwa mwezi. Bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo huo hadi asilimia 40, kama milioni 33.5, na pensheni ya mwezi ikawa kama 335,000.

Sisemi kanuni ipi ni bora. Mfuko ukifilisika haumlipi yeyote, na pensheni ya mwezi ina faida yake kwa mtu atakayeishi miaka mingi. Nasema tu kwamba mtu huyo alisimama mbele ya ubao miaka 30 bila kubadilika, na hesabu ya uzee wake ikaandikwa upya mara tatu. Aliyekuwa amepanga nyumba ya milioni 55 alijikuta na nusu ya nyumba. Ndiyo maana nimepanda paina kijijini, na ndiyo maana Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya, mahali ambapo hakuna anayeniuliza niko daraja gani la mshahara.

MZEE WA RELI: Ahsante, mwanangu. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hiyo sehemu ya utu. Reli yetu ilikabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nilikuwa kijana wa Rungwe ambaye hajawahi kushika spana. Kazi ile ilinifundisha injini ya dizeli, ikanifundisha kuheshimu saa, ikanipa marafiki wa Zambia ambao wamezika ndugu zangu nami nimezika wa kwao. Tulijua tunafanya nini: shaba ya Zambia ilikuwa inatafuta njia ya bahari isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia na makaburu, na njia hiyo ilipita mikononi mwetu. Leo uniambie nisingejenga utu wangu juu ya kazi hiyo? Ningeujenga juu ya nini, juu ya ng'ombe wawili?

Tena nina wasiwasi na mtumishi anayeambiwa tangu siku ya kwanza asiweke moyo wake kazini. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni za kibepari au kupangisha nyumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Mnaweza kusema yalikuwa makali mno. Lakini yalijua jambo moja la kweli: mwenye mradi pembeni huanza kuukopesha saa za umma. Mgonjwa akimkosa nesi wodini kwa sababu nesi yuko dukani kwake, usalama wa nesi umelipwa na mgonjwa.

MWALIMU: Baba, hapo kwenye saa za umma nakubaliana nawe kabisa. Lakini naomba uniruhusu niseme neno kuhusu hiyo reli kwa heshima zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Kati ya miaka hiyo wewe na wenzako hamkugeuka wavivu. Vichwa vya treni vilichakaa, barabara zikachukua mizigo, siasa za kusini mwa Afrika zikabadilika, mtaji haukuja. Kwetu Mufindi tulikuwa na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kilianza katika miaka ya 1980, kikasimama katika miaka ya 1990, kikakaa miaka kimya hadi kilipobinafsishwa. Mtu aliyejenga utu wake wote juu ya kiwanda kile alisimama pamoja na mashine.

MAMA WA MWANJELWA: Mwenyekiti, mimi sijawahi kuajiriwa hata siku moja, kwa hiyo nawasikiliza hawa kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Nauza mchele wa Kyela na viazi vya Uyole. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, kila nilichokuwa nacho kiliondoka. Sikuwa na mkataba wala mtu wa kumdai kiinua mgongo. Kilichobaki ni watu. Mwenye mashine ya kukoboa alinipa magunia kwa ahadi ya mdomo, wateja wakanitafuta nilikohamia. Nilianza upya kwa jina langu. Usalama ambao mimi naujua umo katika watu, na watu huandaliwa mapema, kabla ya moto.

MWENYEKITI: Kijana, umenyamaza muda mrefu.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Nimenyamaza kwa sababu mada inanipita kando. Mnajadili mtu aweke nini pembeni ya ajira, na mimi ajira yenyewe sijaiona. Nimesoma sosholojia, nimetuma maombi serikalini na kwenye mashirika, bado nasubiri. Nitawaambia nilichojifunza darasani, kwa sababu nimekiona kwa macho yangu. Austria, hadi karibu na mwaka 1930, kijiji cha Marienthal kilikuwa kinaishi kwa kiwanda cha nguo. Kikafungwa. Watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakayachunguza maisha ya watu wale, wakaandika kitabu mwaka 1933. Ungedhani watu wasio na kazi, wenye siku nzima mikononi, wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimama-simama, kama wasio na wanakokwenda. Ajira haitoi fedha tu, wazee wangu. Inampa mtu sababu ya kuamka, watu wa kukutana nao, na sehemu yake katika jambo kubwa kuliko yeye. Ukimwambia asijenge utu hapo, mwonyeshe kwanza pengine pa kuujenga.

MAMA WA MWANJELWA: Na wanawake wa kijiji hicho, mwanangu, walitembeaje?

KIJANA: Walitembea haraka kuliko wanaume, mama. Walisimama mara chache.

MAMA WA MWANJELWA: Kwa nini?

KIJANA: Kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto, chakula na nguo za kufua. Kiwanda kilifungwa, kazi ya nyumba haikufungwa.

MAMA WA MWANJELWA: Basi umenijibia. Aliyekuwa na wajibu mwingine nje ya kiwanda aliendelea kutembea.

KIJANA: Ni kweli. Ila kitabu kinasema pia kwamba wanawake wale walitamani kiwanda kifunguliwe. Mwendo wa haraka si lazima uwe furaha, mama.

Duru ya pili: shamba linamhifadhi nani?

MZEE WA RELI: Naomba nirudi nyuma kidogo. Baba yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika lao la kuandikisha watu, SILABU, na maelfu walitolewa Nyanda za Juu Kusini kupelekwa Tanga na Morogoro. Wengine kutoka kwetu walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Tanganyika huru ilipositisha uandikishaji huo wa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi ilipimwa kwa kipande cha siku 30. Na ujira, sikilizeni vizuri, ulipangwa kama wa mseja. Mwajiri alijua nyumbani Rungwe kuna mwanamke mwenye jembe. Mwanamke huyo atalisha watoto, atampokea mumewe akiugua, atamzika akifa. Mwajiri hakulipa kitu kwa hayo yote.

Ndiyo maana nasikia vibaya mtu akiniambia kwamba shamba ni ngao ya mfanyakazi. Kwa miaka mingi shamba lilikuwa punguzo la tajiri. Tulipopata uhuru tulilijua hilo. Mwaka 1962 bodi ya kima cha chini cha mshahara iliyoongozwa na Chesworth ilipendekeza mishahara ipandishwe ili mfanyakazi aweze kuishi na familia yake mjini. Mwaka 1964 ukaanzishwa Mfuko wa Akiba, NPF, ambao mwaka 1997 uligeuka kuwa NSSF. Maana yake ilikuwa kwamba uzee na ugonjwa wa mfanyakazi ni deni la ajira, usitupiwe mke wake na migomba yake. Leo vijana wanahimizwa wajiongeze, wajiajiri, wasitegemee mshahara. Naogopa tunarudi kwenye ujira wa mseja kwa maneno matamu zaidi.

MWENYEKITI: Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa mpaka sasa. Wanaounga mkono mada wasiikwepe.

MWALIMU: Siikwepi. Imenigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nimewasikia waajiri wa shule binafsi wakisema mwalimu ana shamba, atajikimu. Ni dhuluma. Lakini baba, nikuulize: mzee wako aliporudi kutoka Tanga, alirudi kuwa nani?

MZEE WA RELI: Alirudi kuwa yeye. Alijenga nyumba ya bati, akanunua ng'ombe, akakaa kwenye baraza la wazee. Watu walikuja kumwomba ushauri wa ndoa na mipaka.

MWALIMU: Na kule mkongeni alijulikana kwa nini?

MZEE WA RELI: Kwa namba ya kwenye daftari.

MWALIMU: Basi mwajiri alimpunja ujira, hakuweza kumpunja jina, kwa sababu jina hakulileta mkongeni. Ninachotetea ni hilo. Tudai mshahara wa haki na michango yote, kama ulivyosema. Lakini tusimkabidhi mwajiri, awe mbaya au mwema, mamlaka ya kutuambia sisi ni nani. Mzee wako alikuwa na mahali pengine palipomtambua.

KIJANA: Samahani mwalimu, mahali hapo mimi napataje? Ukoo wetu umegawana ekari mbili kwa watoto sita. Ardhi ya Rungwe na Mufindi si ya bei ya zamani. Parachichi zimepandisha thamani upande mmoja, miti upande mwingine, na watu wa mijini wamekuja kununua vilima. Halafu paina yenyewe inataka miaka mingapi?

MWALIMU: Ikivunwa vizuri, kuanzia miaka kama 15 na zaidi. Wengi wetu hukata mapema kwa shida za ada na ugonjwa, mbao inatoka nyembamba na bei inakuwa ndogo.

KIJANA: Na moto?

MWALIMU: Septemba na Oktoba hatulali. Usipofyeka njia za moto na kushirikiana na majirani, usiku mmoja unaweza kumaliza kazi ya miaka kumi. Bei ya mbao nayo hupanda na kushuka kwa mambo yanayoamuliwa mbali na kijiji. Siwezi kukudanganya, mwanangu: miti nayo ina bosi wake.

MZEE WA RELI: Hapo sasa tunaelewana. Nawaona walimu wanafundisha hadi jioni, wanakimbilia kufuga kuku, Jumamosi wako shambani, usiku wanahesabu madeni. Wengine wameingia mikopo ya kausha damu ili mradi usife, mpaka kadi ya benki inakaa kwa mkopeshaji na mshahara anautoa yeye. Mtu mwenye ajira tatu hajawa na utu mara tatu. Amechoka mara tatu.

Duru ya tatu: kazi isiyohesabiwa

MWENYEKITI: Tumefika mahali pazuri. Kama mradi wa pembeni ni ajira nyingine tu, yenye hofu zilezile, basi nje ya ajira kuna nini? Mama, wewe ulisema kuna watu. Eleza namna watu wanavyokuwa usalama, maana maneno hayo husemwa kirahisi.

MAMA WA MWANJELWA: Kwa kanuni, mwenyekiti, si kwa upendo peke yake. Kikoba chetu kinakutana kila wiki. Kila mtu ananunua hisa mbele ya wenzake, fedha zinahesabiwa kwa sauti, zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Pembeni kuna mfuko wa jamii: msiba, ugonjwa, mtoto kukwama shule. Mwisho wa mzunguko tunagawana. Mwanachama akifiwa hatuulizi kama yeye ni mwalimu au mbeba mizigo. Tunapika, tunalala matanga, tunachimba kaburi.

MZEE WA RELI: Na mwenyekiti wa kikoba akitoroka na fedha?

MAMA WA MWANJELWA: Imetokea kwa wengine, baba. Ilitokea walipoacha kuhesabu kwa sauti. Kufuli tatu ziliwekwa kwa sababu hiyo. Sikusema watu ni malaika. Nasema kundi lenye kanuni humlinda mtu hata dhidi ya udhaifu wake mwenyewe.

KIJANA: Mama, naomba nitoe la moyoni. Tangu nimalize chuo najifunza kutengeneza simu. Nina meza yangu Kihesa, naingia asubuhi natoka usiku. Wateja wananiita fundi na wananiamini na simu zao, picha zao, namba zao za siri. Nikienda nyumbani, shangazi akiuliza habari zangu, anajibiwa mbele yangu: huyu bado hajapata kazi. Sioni aibu kwa ninachofanya. Ninaumia kwamba hakihesabiki. Mnasema nijenge utu nje ya ajira. Nimeujenga. Ni ninyi mliokataa kuuona.

MAMA WA MWANJELWA: Hilo ni kosa letu wazazi, mwanangu, na tusilifiche. Tulisomesha kwa kuuza ng'ombe, tukatamani mtoto wa tai na ofisi, tukasahau kwamba mkono unaojua kazi nao ni elimu.

MZEE WA RELI: Kijana wangu, nisikilize. Nilistaafu zamani, lakini vijana wa gereji hapa Iyunga bado wanakuja kunigongea wakikwama na injini ya dizeli. Hawaji kwa cheo changu. Cheo kilibaki stesheni. Wanakuja kwa ajili ya kile nilichokijua. Nilipokuwa natetea kazi yangu hapa, nafikiri nilikuwa natetea hicho. Ajira ilikuwa mlango tu wa kukipata.

MWALIMU: Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Hadi alipofariki Oktoba 1999 nchi nzima ilimwita Mwalimu. Alipotoka Ikulu mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, na jina likamfuata shambani. Hakuna aliyekuwa akimlipa ili aitwe hivyo.

KIJANA: Alikuwa na pensheni ya rais lakini, mwalimu.

MWALIMU: Alikuwa nayo, na ndiyo sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani jina linatosha bila chakula.

Uamuzi wa kiti

Mwenyekiti wa mdahalo hutakiwa kuhesabu kura, lakini mambo haya hayaamuliwi kwa wingi wa mikono. Nitasema ninavyoamini baada ya kuzisikiliza pande zote mbili.

Mada, kama ilivyoandikwa, imeshindwa. Mzee wa reli ameibomoa pale aliposimulia ujira wa mseja. Kumwambia mfanyakazi asitegemee ajira, bila kumdai mwajiri kwanza, ni kurudisha mzigo kwa mwanamke mwenye jembe. Kwa hiyo la kwanza ni deni. Mwajiriwa wa sekta binafsi anakatwa sehemu ya mshahara na mwajiri anapaswa kuongeza yake, ili jumla ya asilimia 20 ifike NSSF. Wapo wanaokatwa na fedha haifiki. Kuangalia michango yako kwenye simu kila baada ya miezi michache, kuuliza mapema kupitia chama cha wafanyakazi, na kutunza barua ya ajira na hati za mshahara, ni kazi ya kujilinda zaidi kuliko mradi wowote wa kuku. NSSF inapokea pia waliojiajiri. Mama wa Mwanjelwa na kijana wa Kihesa wasikubali kuzeeka bila daftari kwa sababu hawana bosi.

Pamoja na hayo, roho ya mada imeshinda, na aliyeishindisha ni mpinzani wake. Mzee aligundua mbele yetu kwamba alichokipenda katika reli ni ujuzi, wenzake na maana ya kazi, na vyote vitatu viko kwake hadi leo. Mtu anayefanya kazi kwa moyo hana sababu ya kujizuia asije akaumia. Anachohitaji ni kujua ni sehemu ipi ya kazi itakayobaki yake, aikuze hiyo, na cheo akivae kama koti la ofisi ambalo jioni hutundikwa msumarini.

Ardhi nayo nisiipuuze, kwa kuwa kwetu Nyanda za Juu ndiyo akiba ya wengi. Lakini shamba la miti lisilo na karatasi ni ugomvi wa ndugu unaosubiri mzee afe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imetoa hatimiliki ya kimila, na jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Mwalimu anayepanda paina kwa ajili ya uzee wake aanze na mipaka na majina kabla ya miche. Na asiye na ardhi asiambiwe kwamba hana msingi. Ujuzi wa mkono, kundi lenye kanuni na michango iliyoandikwa ni msingi pia, na kijana anaweza kuuanza mwaka huu akiwa na meza moja tu.

Linabaki lile lililotuuma zaidi, la kijana kuitwa hana kazi huku anafanya kazi saa kumi na mbili kwa siku. Hakuna mfuko wa pensheni unaoweza kulirekebisha. Ni juu yetu sisi wazazi, shangazi, wachungaji na washereheshaji wa harusi: namna tunavyowatambulisha watoto wetu mbele ya watu. Tukimtambulisha mmoja kwa cheo na mwingine kwa kukikosa, tumewafundisha wote wawili kwamba utu hutolewa na mwajiri. Yule wa kwanza ataogopa kustaafu hadi kufa. Wa pili atajidharau akiwa katikati ya kazi nzuri.

Napitisha mada kwa marekebisho: mtu aidai ajira kila inachomwia, hadi shilingi ya mwisho, na aifanye kwa moyo wote, lakini swali la yeye ni nani alijibu pamoja na watu wake, na aanze kulijibu mshahara ukiwa bado unaingia.